Ukurasa wa Kumi na Moja

Nilichora alama ya kuuliza pembeni,
kubwa, nyekundu, yenye mkia kama ndoana,
nikageuza ukurasa. Saa sita usiku,
Gangilonga umeme umekatika,
mshumaa unalia juu ya kisahani
na tasnifu ishirini na tatu bado zimo kwenye kiroba.

Siku ya tatu Editha Kikoti akabisha.
Sweta la sekondari bado analo,
mikono yake imebaki fupi, yeye amerefuka.
Aliufunua ukurasa juu ya meza yangu
polepole, kama mtu anayefungua bandeji.
"Mwalimu, hii inauliza nini?"

Nikaitazama.
Nikavua miwani, nikavaa, nikaitazama tena.
Mwandiko wangu mwenyewe, na sikujua.
Usingizi wangu ndio ulioandika pale,
deni nikampelekea yeye.

(Nami nilipokuwa na umri wake, Mbeya, chini ya Loleza,
mkufunzi mmoja aliniandikia neno moja tu: Hovyo.
Hovyo wapi? Aya ipi? Hovyo kichwa changu
au hovyo nukta na mkato?
Nililibeba miaka saba kama kokoto ndani ya kiatu,
wala sikusahihisha kitu. Kokoto haielezi.)

Na Lusajo? Lusajo nilimpenda.
Safi. Safi sana. Hongera. Safi mno.
Siku ya utetezi jopo likamuuliza swali moja,
dogo, la mlangoni tu.
Akanyamaza. Akageuka,
akanitazama mimi.

Mgema akisifiwa, tunaambiwa, tembo hulitia maji.
Hatuambiwi aliyemsifu afanywe nini.

"Keti," nikamwambia Editha. "Nisomee."
Sentensi ya kwanza ikatembea, ya pili ikatembea,
ya tatu ikajikwaa; akasikia mwenyewe,
akarudi nyuma, akaisoma tena kwa sauti ndogo.
Nikafunga mdomo. Muhula mzima ule
sikufanya kazi nzito kuliko hiyo.

"Hapa: 'Ulanzi hugemwa kwa utaratibu maalumu.'
Utaratibu gani?"
Akacheka. "Si kila mtu anajua, mwalimu?"
"Mimi nimezaliwa kwenye migomba, Tukuyu. Nieleze."

Akaiweka kalamu. Mikono ikaanza:
kidole hiki mwanzi mchanga, kile kisu.
Babu yake, kule Kilolo, hukata ncha asubuhi,
hukata tena jioni, ngozi tu,
wembamba wa kupitisha mwanga.
Ukizamisha kisu, mwanzi unakufa.
Ukiogopa kukata, mbeta inalala kavu.
"Na ukichelewa kwenda kuteka," akaongeza,
"utamu umekwisha, unakuta mkangafu."

Mvua ya Machi ikapiga bati, tukaisubiri ipungue.
"Hayo yote," nikasema, "hayamo kwenye ukurasa wa kumi na moja."
Akautazama ukurasa.
Hakuomba ruhusa: akachukua penseli yangu,
na juu ya ndoana yangu nyekundu
akaandika: Babu.

Zile ishirini na tatu zimo kirobani,
wiki ya tatu sasa. Nazisikia harufu.
Usiku huu umeme upo, chai ipo,
kalamu nyekundu nimemwachia mwanangu achoree magari.

Ya juu kabisa ni ya Gwamaka, mambo ya viazi, Uporoto.
Nimesoma hadi mwisho kabla ya kugusa kitu.
Kisha, kwa penseli, nikaandika:
"Ukurasa wa pili nimeurudia mara mbili, kwa raha,
pale gunia linapopimwa kwa lumbesa na mama anakataa.
Aya ya nne: bei hii umeipata sokoni au kwa mjomba?
Njoo Alhamisi, uje na daftari la safarini."

Kulikuwa na neno jingine, tamu, limeshafika kwenye ncha.
Nikainua mkono.